Vikaragosi vya Mbina Usukumani

Mbina ni ngoma za Wasukuma, watu wa Mwanza, Shinyanga na vijiji vya Kishapu, na mashindano yake hufanyika kiangazi, baada ya mavuno. Vyama viwili vikuu, Bagika na Bagalu, hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Hapo ndipo kikaragosi kinapopata kazi. Ni sanamu ya mti yenye umbo la mtu. Baadhi zina mikono iliyoungwa ili ichezeshwe. Mchezaji huitoa ghafla, watazamaji wa upande wa pili wakageuza shingo, kisha miguu ikafuata. Vikundi vya wachezaji navyo vina mbinu zake: Bagobogobo hurusha majembe, Bayeye huleta nyoka hai.

Televisheni nayo ilitumia vikaragosi kuvuta watazamaji: The Muppet Show, iliyorekodiwa Uingereza na kurushwa kuanzia 1976 hadi 1981, iliunganisha vikaragosi, nyimbo na vichekesho katika vipindi 120. Ustadi wake ni mkubwa. Lakini mtazamaji wa mbina yuko huru kuhamia kwa mpinzani, na huo ni mtihani mgumu zaidi. Ngoma na vifaa vya wachezaji wa mbina vinaonekana leo katika Makumbusho ya Bujora, Mwanza.