Kabla ya Kupaka Rangi Ukuta Mpya

Wengi wenu mmetuuliza mbona rangi ya darasa letu la nasari ilibambuka hata kabla mwaka haujaisha. Tunajibu bila kuficha, kwa sababu pesa zile zilikuwa za harambee, na kuna mama aliyeuza kuku wake ili mchango utimie. Kosa lilikuwa letu sisi wanakamati. Plasta ilimalizika katikati ya Desemba, shule inafunguliwa Januari, tukaona wiki mbili zinatosha. Tukapaka rangi ya mafuta upande wa chini wa ukuta, vile madarasa mengi hupakwa ili alama za mikono ya watoto zipanguswe kwa urahisi. Mvua za Aprili zilipofika, rangi ilikuwa imefura malengelenge. Ukiigusa, inatoka kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

Sababu ni hii. Plasta yetu ni saruji na mchanga, na saruji mbichi ina ukali kama wa magadi. Akina mama wa kikundi cha sabuni wataelewa upesi: wao huchanganya mafuta na kostiki soda, yakageuka sabuni. Ukutani ni vivyo hivyo. Rangi ya mafuta ikikutana na ukali huo pamoja na unyevu, mafuta yaliyo ndani yake yanageuka kuwa aina ya sabuni, na rangi inalegea. Tena maji yaliyobaki ndani ya plasta yanatafuta njia ya kutoka, na sisi tumeyafungia mlango.

Kwa hivyo plasta mpya imwagiliwe maji kama siku saba ili ikomae, kisha iachwe ikauke kwa wiki nne au zaidi, madirisha yakiwa wazi. Kule kwenye baridi na ukungu, kama Limuru ama Kinangop, ongeza muda. Wala usihesabu siku tu. Chukua kipande cha karatasi ya nailoni (si mfuko wa dukani, hiyo ilipigwa marufuku 2017), ukibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, halafu nenda ukalale. Asubuhi ukikuta matone ya maji ndani yake, ngoja. Unga mweupe ukitokea ukutani, hiyo ni chumvi inayoletwa na maji. Ifagie kwa brashi kavu. Usiioshe, maana maji yataiyeyusha na kuirudisha ndani. Ikitokea tena, ukuta bado.

Ukuta ukishakauka, sugua kwa msasa, ziba nyufa, ondoa vumbi lote. Rangi ya maji ndiyo rafiki wa ukuta mpya kwa sababu inaruhusu unyevu kutoka. Mkono wa kwanza, yaani koti ya kwanza kama mafundi wanavyosema, uwe mwepesi: kama robo lita ya maji safi kwa lita moja ya rangi, ama vile mkebe wenyewe unavyoeleza. Plasta ina kiu. Ukiipaka rangi nzito, inafyonza maji yote kabla rangi haijashika, nayo inabaki juujuu tu. Baadaye paka mikono miwili ya kawaida. Ukitaka lazima rangi ya mafuta upande wa chini, tanguliza praima ya ukuta inayostahimili ukali wa saruji. Uliza kwa duka la rangi, wanaijua.

Kiasi je? Chumba cha mita 4 kwa 3, chenye kimo cha mita 2.5, kina ukuta wa mita za mraba 35. Toa mlango na madirisha, zabaki kama 30. Lita moja hufunika karibu mita 10 za mraba, basi mikono mitatu ni kama lita 9. Nunua zote mara moja, maana mikebe miwili ya rangi ile ile inaweza kutofautiana kidogo.

Mbao nazo zina tabia yake. Saipresi ya siku hizi huuzwa mbichi, na mbao mbichi haishiki rangi, kwa hivyo iache ikauke kwanza. Piga msasa kwa kufuata nyuzi za mbao. Yale mafundo yanayotoa utomvu yafunike kwa shelaki, la sivyo yatachungulia rangi ya kahawia miezi michache baadaye. Fuata praima ya mbao, na hapo ndipo uzibe matundu ya misumari kwa puti. Ukiiweka kabla ya praima, mbao inanyonya mafuta ya puti, inakauka na kudondoka. Halafu andakoti, halafu glosi, kila mkono ukilala usiku mzima na kupigwa msasa mwepesi. Mlango upakwe hata ukingo wa juu na wa chini, kabla haujatundikwa. Hapo watu wengi husahau, na hapo ndipo maji huingilia.

Rangi ya mafuta izimuliwe kwa tapentaini, kamwe si petroli, na jiko lisiwe karibu. Kwa vyumba vya watoto, chagua mkebe ulioandikwa kwamba hauna madini ya risasi, kwani risasi hudhuru akili ya mtoto.

Darasa la nasari tulilikwangua likizo ya Agosti. Nailoni ilibandikwa mara tatu kabla hatujafungua mkebe.