Simu Imezimwa, Mbona Alamu Yalia?

Mwezi huu hatuzungumzii ugonjwa. Tunazungumzia kitu kinachotusumbua wodini, na kanisani nako tunakisikia: kengele ya simu ya mkononi, ambayo wengi tunaiita alamu.

Usiku mmoja mzee wa wodi ya wanaume alipelekwa chumba cha upasuaji kwa haraka, ngiri imenasa. Kabla ya kwenda aliizima simu yake mbele ya macho yetu, akaifungia kabatini, na ufunguo akampa mwanawe, ambaye alikwenda kulala kwenye banda la ndugu wa wagonjwa. Saa 10:30 alfajiri alamu ikaanza kulia. Ikanyamaza, na baada ya dakika chache ikaanza tena. Muuguzi wa zamu alikimbilia kwanza mashine ya oksijeni, kwa maana nayo hulia inapopata hitilafu. Wodi nzima iliamka, hata mgonjwa aliyekuwa amepata usingizi muda mfupi tu baada ya sindano ya maumivu. Mzee alipoelezwa baadaye alisema, "Lakini niliizima!" Na kweli aliizima.

Ndani ya simu mna saa ndogo inayoendelea kutembea hata simu ikiwa imezimwa. Katika simu nyingi za batani, hasa Nokia za zamani, saa hiyo yaweza kuiamsha simu muda wa alamu ukifika. Kioo kinawaka, inalia, kisha inauliza kama unataka kuiwasha. Kwa simu ya namna hiyo kuzima hakutoshi. Ingia kwenye sehemu ya alamu uiondoe alamu yenyewe. Ukiiahirisha tu, itarudi. Wengine huchomoa betri, nayo ni njia, ila baadhi ya simu hupoteza majira betri ikitoka, hivyo ukiirudisha urekebishe saa.

Simu janja nyingi haziko hivyo. iPhone, na nyingi za Android, zikizimwa kabisa hazilii mpaka ziwashwe, ingawa ziko aina chache za Android ambazo nazo hulia. Shida hapa ni kwamba watu wengi hawazimi. Wanabonyeza kitufe mara moja, kioo kinakuwa cheusi, wanadhani kazi imekwisha. Wengine wanaondoa sauti, lakini kuondoa sauti aghalabu hunyamazisha miito na ujumbe, alamu inabaki. Kuzima ni kushikilia kitufe mpaka simu iulize, nawe ukubali. Kwa simu nyingi mpya hushikiliwa vitufe viwili pamoja, cha kuwashia na cha sauti.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike. Sisi wenyewe kliniki tumewafundisha wagonjwa kutega alamu kwa ajili ya dawa: za kufubaza virusi vya UKIMWI, za kifua kikuu, za kifafa, za shinikizo la damu. Mama mmoja aliyekuwa mwaminifu sana katika dawa zake alianza kurudi kliniki na vidonge vilivyobaki. Tulipohesabu naye polepole, tukaona kuwa siku anazokosa ni Jumapili. Dozi yake ilikuwa saa 1:30 asubuhi, katikati ya Misa ya kwanza. Siku moja alamu yake ililia kanisani, watu wakageuka, na jirani akamwuliza nje ni ya nini. Tangu hapo akawa anaizima simu kabisa kabla ya kutoka nyumbani, na hakuna tena wa kumkumbusha. Hatukumlaumu. Tungependa tu jirani yule asingeuliza.

Basi, mwenye dawa asitegemee kuzima simu kabla hajafikiria dozi. Kama saa ya dawa inagongana na Misa, mweleze mhudumu wako kliniki, mara nyingi saa nyingine inaweza kupangwa. Au ifungamanishe dawa na jambo unalofanya kila siku nyumbani, kama chai ya asubuhi, na umwombe mtu mmoja unayemwamini akukumbushe. Katika alamu usiandike jina la dawa. Andika "maji" au "kuku", unajua mwenyewe. Dozi ikikupita, kwa dawa nyingi za kila siku unameza unapokumbuka siku ileile, wala humezi mbili kwa pamoja kesho yake. Kwa insulini na dawa za kuzuia damu kuganda usijiamulie, uliza kwanza.

Mwenye mgonjwa nyumbani, au mke anayekaribia kujifungua, hatumwambii azime. Aondoe alamu, aiache simu kwenye mtetemo, akae karibu na mlango.

Simu yako ni ya aina gani? Jaribu leo jioni. Tega alamu ya dakika tano mbele, izime simu kabisa, iweke mezani usubiri. Ikilia, basi ni kama ya yule mzee, na utakapokuja kulazwa au kumlaza mtu, iondoe alamu kabla hujaifungia kabatini.