Chuma cha kukazia bodi: namna ya kukitengeneza, na wakati wa kukataa kukitengeneza



Katika gereji za miji yetu bado huingia magari ya michezo ya zamani, ambayo wenyewe wanayapenda kuliko magari mapya. Mojawapo ni Datsun 240Z, lililoanza kutoka kiwandani Japani mwaka 1969. Afrika Mashariki haihitaji kuelezwa sana habari zake. Gari la aina hiyo lilishinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na likashinda tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mwenye gari kama hilo akija kwa fundi, mara nyingi ombi lake ni moja: gari halitulii kwenye kona, basi atengenezewe chuma cha kukazia bodi upande wa mbele.

Vyuma hivyo huuzwa ng'ambo vikiwa tayari, lakini bei yake na gharama ya kuvisafirisha si ya mchezo. Fundi mwenye mashine ya kuchomelea, drili, msumeno na tupa anaweza kukitengeneza mwenyewe. Sisi tumevitengeneza kadhaa. Cha kwanza hakikufaa kitu, na sababu yake tutaieleza bila kuficha. Tunaandika haya ili fundi aijue kazi yenyewe, na pia ajikinge nayo, kwa maana chuma hiki kikifungwa mahali pasipostahili huficha hatari.

KWA NINI BODI HUJIPINDA

Lori lina chesisi, yaani miti miwili mirefu ya chuma iliyobeba kila kitu. Gari kama 240Z halina chesisi ya namna hiyo. Sakafu, kingo za milango, paa na mabati ya mbele vimechomelewa vikawa kitu kimoja, na kitu hicho ndicho kinachobeba injini, abiria na springi. Mbele, kila gurudumu limeshikwa na mguu wenye shokomzoba ndani na springi nje yake. Kichwa cha mguu huo kimefungwa kwa nati tatu chini ya kikombe cha bati unachokiona ukifungua boneti, kimoja kushoto na kimoja kulia.

Gari likikata kona, uzito huegemea upande wa nje, na tairi la nje husukumwa na barabara. Nguvu hiyo hupanda kwa mguu hadi kwenye kikombe. Kati ya vikombe viwili hakuna kitu, kwa sababu hapo ndipo injini inapokaa. Kwa hiyo vichwa vya vikombe husogea, kila kimoja kivyake. Ni mwendo mdogo, lakini kikombe kikisogea gurudumu nalo hubadili mlalo wake, na dereva huhisi kwamba usukani umechelewa kuitika.

Chukua sanduku la viatu, toa kifuniko, kisha lipinde kwa mikono miwili. Litapindika kwa urahisi. Rudisha kifuniko ulipinde tena, utaona tofauti. Mjenzi wa nyumba analijua jambo hili: paa husukuma kuta zifunguke nje, naye huziunganisha kwa mtambaapanya. Chuma cha kukazia ni mtambaapanya wa gari.

KOSA LETU LA KWANZA

Chuma chetu cha kwanza kilikuwa cha bomba nene, zito, na tulijivunia uzito wake. Lakini kichujio cha hewa kilikuwa njiani, basi tukalikunja bomba likapita kwa kuzunguka. Gari likarudi kwenye kona likiwa vile vile. Tulichokuwa tumetengeneza ni upinde. Bomba lililonyooka likisukumwa au kuvutwa kwenye ncha zake halikubali kirahisi. Bomba lililokunjwa hufunguka na kujifunga kama springi.

Tulijifunza mambo manne:

1. Chuma kipite kwa mstari ulionyooka kutoka kikombe hadi kikombe. Kama hakina njia, sogeza kitu kingine au tafuta njia nyingine.

2. Nguvu na ugumu ni vitu viwili. Chuma cha bei ghali na chuma laini cha kawaida hupindika karibu sawasawa kwa mzigo mdogo. Tofauti yake ni mzigo wa kukivunja. Hapa tunatafuta ugumu, basi chuma cha kawaida kinatosha. Aluminiamu ya ukubwa ule ule ina ugumu wa theluthi moja tu ya chuma.

3. Upana wa bomba hufaa kuliko unene wa ukuta wake. Bomba likipanuliwa mara mbili kwa ukuta ule ule, uzito huongezeka mara mbili, lakini ugumu wake dhidi ya kupindwa huongezeka karibu mara nane.

4. Umbo la pembetatu halibadiliki. Pigilia vijiti vinne viwe mraba, kila kona msumari mmoja: utausukuma ulale. Pigilia vitatu: hautalala. Kwa hiyo chuma kinachovuka peke yake husaidia, lakini kikiongezwa miguu miwili inayorudi kwenye ukuta wa bati unaotenga injini na abiria, husaidia zaidi.

KAGUA NA UPIME KABLA YA KUKATA

Gari linaloyumba si lazima liwe na bodi laini. Angalia kwanza upepo wa matairi, bushi, viungo vya usukani na shokomzoba. Bushi iliyokwisha hucheza kuliko bodi yoyote, na chuma chako hakitaigusa.

Kisha tafuta kutu. Katika 240Z tazama hasa chini ya kitako cha betri, ambako asidi na maji hula bati, na miti ya chini inayokwenda hadi kwenye sakafu. Kwaruza rangi kuzunguka vikombe vyenyewe. Ukiona ufa au bati lililooza, simama hapo.

Mwendo wa vikombe unaweza kupimwa bila chombo cha fedha nyingi. Tafuta vijibomba viwili vyembamba, kimoja kiingie ndani ya kingine bila kulegea. Funga kimoja kwenye kikombe cha kushoto na kingine cha kulia, vikutane katikati. Vuta mpira mwembamba juu ya kile cha ndani hadi uguse mdomo wa kile cha nje. Endesha gari taratibu kwenye kona unazozijua. Ukirudi, nafasi kati ya mpira na mdomo itakuonyesha vikombe vilikaribiana kiasi gani. Andika kipimo hicho, ukirudie kazi ikiisha. Bila kipimo, mwenye gari atahisi anachotaka kuhisi, na fundi pia.

KAZI YENYEWE

1. Simamisha gari kwenye sakafu iliyo sawa, likiwa juu ya magurudumu yake manne. Ukipima gari likiwa juu ya jeki, bodi imeshajipinda, na chuma chako kitaukaza huo upindaji.

2. Kata kigezo cha karatasi ngumu juu ya kila kikombe, ukitia alama za boliti tatu. Usidhani kushoto ni sawa na kulia.

3. Hamisha vigezo kwenye bati la milimita 4 au 5. Matundu yazidi boliti kwa nusu milimita tu. Tundu likiwa pana, bati litateleza, na kazi yote imepotea. Katikati acha nafasi ya kutosha kwa kichwa cha mguu.

4. Fungua nati tatu za upande mmoja, weka bati, rudisha nati, ndipo uende upande wa pili. Nati ikikazwa, boliti itokeze angalau nyuzi mbili. Isipotokeza, bati lako ni nene mno.

5. Kata bomba, kwa mfano la upana wa milimita 32 na ukuta wa milimita 2. Chonga ncha zake kwa tupa zikae vizuri juu ya bati. Pengo lisijazwe kwa moto.

6. Usichomelee juu ya kabureta. Bana chuma cha pembe kwa jiliwa kutoka bati moja hadi jingine, pembeni ya njia ya bomba, kisha fungua nati kwa zamu, toa vyote vikiwa kitu kimoja na uvipeleke mezani. Choma nukta kwanza, jaribu garini, kisha malizia kwa vipande vifupi ukibadilisha pande, ili joto lisikivute chuma.

7. Miguu ya kwenda kwenye ukuta wa bati ifungwe kwa boliti zenye bati la kuegemea upande wa ndani. Bati la ukuta ni jembamba na litapasuka likiachwa peke yake.

8. Weka udongo laini juu ya chuma ufunge boneti taratibu. Injini hutikisika juu ya mipira yake, basi iache nafasi ya milimita 20 hivi. Hakikisha mabomba ya breki na mkono wa kabureta haviguswi.

9. Kaza nati kwa kipimo cha kitabu cha gari, na uzikague tena baada ya wiki moja.

MAMBO YA KUJIHADHARI NAYO

Nati ya katikati, ile iliyo juu kabisa ya mguu, usiiguse. Hiyo ndiyo inayoizuia springi iliyobanwa, na ikifunguliwa springi hutoka kwa nguvu ya kuua. Tena usilinyanyue gari kwa jeki wakati nati tatu za kikombe zimetolewa.

Bomba la maji lililopakwa zinki lisichomelewe. Moshi wake huleta homa na kutetemeka jioni ile ile, na mafundi wengi hudhani ni malaria. Tumia bomba jeusi, au ondoa zinki yote mahali pa kuchomea. Kinga ya macho na hewa safi si hisani ya mwajiri, ni haki ya mfanyakazi.

WAKATI WA KUKATAA

Chuma hiki hakiongezi mshiko wa tairi. Hakifupishi breki. Hushika umbali kati ya vikombe, basi. Kikifungwa juu ya bati lililooza, nguvu haipotei, huhamia sehemu dhaifu iliyo karibu, na dereva huongeza mwendo kwa sababu usukani umekuwa mtamu.

Mwenzetu mmoja aliwahi kuamriwa na msimamizi wake afunge chuma juu ya kikombe kilichopasuka na kujazwa paka. Gari lilikuwa linauzwa wiki ile. Alikataa. Aliandika kwenye kadi ya kazi: "Kikombe cha kulia kina ufa, kichomelewe kwanza," akaweka tarehe na sahihi yake, na mwenzake wa meza ya pili akatia yake. Aliambiwa akae nyumbani siku mbili. Siku ya tatu mwenye gari alikuja mwenyewe, akaonyeshwa ufa kwa ncha ya bisibisi, akalipia bati jipya. Mwakilishi wa tawi naye alifuatilia mpaka mshahara wa siku zile mbili ukalipwa.

Ndugu fundi, ukiambiwa ufanye kazi kama hiyo, andika ulichokiona, tia tarehe, bakisha nakala, na mwarifu mwakilishi wako kabla ya kushika spana. Gari likianguka, watu huuliza nani alilifunga. Sahihi yako iwe imetangulia swali hilo.