Kazi ya meli kule Karibea: kisiwa unakiona saa tatu

Shaba ya kwetu inajua bahari kutupita. Inatoka Kolwezi kwa lori ao kwa treni, inafika Lobito, Dar es Salaam ao Durban, inapanda meli na kuenda. Sisi wengi, maji makubwa tuliyoona ni ya ziwa la Nzilo.

Njo maana ujumbe ukipita kwa WhatsApp kwamba wanatafuta wapishi na watu wa kutengeneza vyumba kwa meli ya watalii kule Karibea, vijana wanauliza: ni kweli? Na mtu anaona kweli vile visiwa?

Kazi iko kweli. Hizi meli ni hoteli zinazotembea juu ya maji. Icon of the Seas, moja ya zile kubwa kabisa duniani, ilianza safari zake kutoka Miami Januari 2024, na wafanyakazi wake ni karibu 2,350. Kwa meli za namna hii utakuta watu wa Ufilipino, India, Indonesia, na Wakenya pia. Mkataba mara nyingi ni wa miezi 6 mpaka 9. Siku ya Mungu hakuna: unafanya kazi siku 7 kwa juma. Sheria inasema mapumziko yasipungue saa 10 kwa kila saa 24. Fanya hesabu mwenyewe.

Sasa kisiwa. Tuchukue Saint-Martin, ju sisi tunasema Kifaransa. Kisiwa kizima ni kilomita za mraba 87 hivi, lakini kiko na serikali mbili: kaskazini Ufaransa, kusini Uholanzi. Walipatana kukigawa tangu 1648. Meli kubwa zinasimama kusini, karibu na mji wa Philipsburg. Abiria wanashuka asubuhi. Wewe umeamka mbele yao, umewapa chakula, umeosha, na saa sita unapata nafasi mpaka kazi ya jioni. Saa tatu hivi. Na hapo ni kama jina lako haliko kwa orodha ya wanaobaki, ju kila bandarini sehemu ya wafanyakazi inabakia ndani: moto ukiwaka, nani atauzima?

Wengi wakishuka wanatafuta kwanza intaneti wapige simu nyumbani, halafu sabuni. Siwacheki. Lakini mwenye hamu anapanda basi dogo mpaka Marigot, upande wa Ufaransa. Njiani hakuna polisi wa mpaka, hakuna muhuri. Kwa mtu aliyepitia Kasumbalesa, hiyo ni ajabu! Marigot unanunua mkate kwa Kifaransa kile kile cha masomo.

Nyuma ya Philipsburg kuna bwawa kubwa la chumvi, Great Salt Pond. Waholanzi walikifuata kile kisiwa ju ya chumvi, na walioitoa chini ya jua kali walikuwa watumwa wenye asili ya Afrika. Ufaransa ilifuta utumwa 1848, Uholanzi 1863. Kwa hiyo ndani ya miaka 15, mtu wa kusini aliweza kuona uhuru ng'ambo ya kilima, mwendo wa miguu tu, na wako waliovuka. Mtalii anapita pale akitafuta duka la saa. Mtoto wa Kolwezi, ambaye mji wake pia ulizaliwa ju ya kitu kilichotolewa kwa udongo, atasimama kidogo.

Asisimame sana. Wafanyakazi wanatakiwa kurudi mbele ya abiria, na saa ya meli inaweza kuachana na saa ya kisiwa. Meli haingojei mtu.

Tuje kwa makuta, ndugu msomaji, ju hapa njo watu wanapotea. Mkataba wa Kazi ya Baharini wa 2006, wa Shirika la Kazi Duniani, ulianza kutumika tarehe 20 Agosti 2013. Unakataza kumlipisha mfanyakazi ili apate kazi ya meli. Wewe unalipa paspoti, cheti cha daktari na kitabu cha baharia, basi. Visa ni ya mwenye meli. Tikiti ya kukurudisha nyumbani mkataba ukiisha pia ni yake. Mafunzo ya usalama, kama kuzima moto na kupanda mashua za kuokolea, ni jambo lingine: unayafanya kwa mwili wako, kwa chuo kinachojulikana, si kwa kutuma makuta kwa namba ya simu.

Basi komisionere akikuomba dola za «kufungua dosie» ao za visa, muulize jina la meli na la kampuni. Halafu usiende kwa namba anayokupa yeye. Tafuta mwenyewe ukurasa wa ile kampuni, uone kama mtu wake wa kuajiri ni huyo. Na akikuambia utie sahihi leo leo, mkataba utausoma kesho: ile sheria inakupa haki ya kuusoma na kuomba shauri mbele ya kutia sahihi.