Kombi Isiyo na Paa

Gari la Kombi, lililoanza kutengenezwa na Volkswagen huko Wolfsburg, Ujerumani, mwaka 1950, lilikusudiwa kuchukua abiria na mizigo. Leo baadhi ya wapenzi wa magari ya kale hulikata paa, wakaondoa na milango, likawa gari la kutembelea ufukweni. Mtindo wenyewe si mgeni: karakana ya Ghia ya Turin, Italia, ilizifanyia hivyo Fiat ndogo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, ikazitia viti vya henzerani.

Mtazamaji hudhani kilichopotea ni kivuli tu. Sivyo. Katika lori, bodi huketishwa juu ya chesisi nzito. Katika Kombi, sakafu, kuta na paa vimelehemiwa pamoja na hubeba mzigo kwa ushirika. Mwanafunzi na achukue boksi la viatu, agandishe kifuniko chake kwa gundi pande zote, kisha ajaribu kulisokota: litakataa. Akikiondoa kifuniko, boksi lile lile litajipinda kwa urahisi. Hesabu nayo yashangaza. Bomba la chuma la mraba, lenye upande wa sentimeta 10 na unene wa milimeta 2, likipasuliwa mstari mmoja tu kwa urefu wake, uwezo wake wa kukataa kusokotwa hubaki kiasi cha sehemu moja katika 1,900, ingawa hakuna chuma kilichoondolewa!

Kombi, yenye madirisha na milango, haikuwa bomba kamili. Hasara yake ni ndogo kuliko hiyo. Hata hivyo, gurudumu moja likiingia shimoni, mwili husokotwa na viungo vya lehemu huanza kupasuka. Kwa hiyo fundi hodari hulehemu maboksi marefu ya chuma kando ya sakafu, na kuyaunganisha kwa mihimili ya kukingama. Nguvu iliyokuwa juu imehamia chini. Kichwa cha abiria, gari lipindukapo, hakipati faida yoyote kwa kazi hiyo. Chahitaji tao imara la bomba la chuma, pamoja na mikanda.

Lakini chini ndiko bahari inakofika. Maji ya chumvi hupenya ndani ya maboksi na kukawia humo. Chumvi huyawezesha maji kupitisha umeme kwa wepesi, na kutu, ambayo huambatana na mwendo wa umeme katika chuma, huenda mbio. Boksi huliwa kutoka ndani, huku rangi ya nje ikingali inang'aa, wala hakuna tena paa la kulisaidia. Kwa sababu hiyo huachwa vitundu vya kutolea maji, na gari huoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila litokapo ufukweni. Mkaguzi naye hayaamini macho yake: hugonga maboksi kwa nyundo ndogo, akasikiliza.