Dawa Isiyo na Mganga

Katika miji ya pwani yetu, kuanzia Lamu na Malindi hata Tanga, Bagamoyo na Unguja, ni nadra kuukuta mtaa mkongwe usiokuwa na mwarobaini wake, ama uani mwa nyumba, ama kando ya msikiti, ama penye njia panda ambapo wazee huweka bao lao baada ya sala ya alasiri. Na mgeni apitaye hapo wakati wa kiangazi, akauona mti huo umejaa majani ilhali miti mingine imekwisha kupukutika, hudhani ya kuwa ni mzalia wa nchi tangu dahari. Lakini asili yake ni Bara Hindi na Burma, na yasemekana kwamba waliouleta kwetu ni Wahindi waliovuka bahari kwa tijara na kwa kazi, ambao hawakupenda kulikabili jua la ugenini, wala homa zake, mikono mitupu.

Huko utokako, mti huu umeingia hata katika ibada. Watu wa Maharashtra, siku yao ya Gudi Padwa, na wenzao wa Andhra na Karnataka, siku ya Ugadi, huufungua mwaka mpya kwa kuonja majani au maua yake pamoja na sukari guru, ili uchungu na utamu wa mwaka viingie kinywani kwa tonge moja. Na zamani za ndui, vitawi vyake vilitundikwa mlangoni mwa nyumba yenye mgonjwa, kwa itikadi kwamba Shitala, mungu wa kike wa maradhi hayo, hukaa ndani ya mti huo. Pwani yetu ililipokea jani bila ya kumpokea mungu wake. Mtoto wa Kiswahili aliyeshikwa na surua au tetekuwanga naye huogeshwa maji yaliyochemshiwa mwarobaini, na pengine hutandikiwa majani mabichi ili apate kupoa mwasho, lakini anayemwogesha husema Bismillahi, akaendelea na kazi yake.

Nami huona kwamba hapo ndipo ulipo upekee wa mti huu katika maisha yetu. Utabibu wetu wa jadi, kwa sehemu kubwa, una wenyewe: hirizi ina aliyeiandika, kombe lina mwalimu aliyelichora kwa zafarani katika sahani, ramli ina mpigaji wake, pungwa lina fundi na masharti yake, na kila mmoja wa hao ana ijara, ama ya fedha, ama ya kuku, ama ya kipande cha kaniki. Mwarobaini hauna mganga. Hauna siri ya kurithishwa usiku, wala hapana awezaye kumtisha mwenziwe kwamba dawa haitafanya kazi kwa kuwa hakutoa ada. Ilimu yake imo mikononi mwa mabibi na kina mama, nao huifundisha jikoni, sufuria ikiwa mekoni. Na mwenye mti, ajapokuwa bakhili wa kila kitu kingine, huona aibu kumnyima jirani majani. Mtoto hutumwa, akabisha hodi, akasema, “Shikamoo bibi, mama ameniagiza majani ya mwarobaini, kaka ana homa,” naye bibi humjibu, “Marahaba, mjukuu wangu, chuma, lakini usinivunjie tawi, na mwambie mama nitakuja kumtazama mgonjwa.” Na bibi huja kweli, kwa kuwa aliyetoa majani ameingia katika jambo la mgonjwa, akaona haya kukaa kwake asijue ameamkaje.

Majani hayo huchemshwa mpaka maji yageuke rangi, na mgonjwa hunywa kikombe akiwa amefumba macho, kwa maana uchungu wake haupozwi na tende. Wengine hujifukiza, wakajifunika blanketi juu ya sufuria mpaka jasho liwatiririke. Mafuta yakamuliwayo katika kokwa hupakwa penye upele, na kichwani mwa wenye chawa. Kijiti chake, kikitafunwa ncha, huwa mswaki mzuri, ingawa wachaji Mungu hupendelea zaidi ule mswaki wenyewe kwa kufuata sunna. Majani yaliyokaushwa kivulini huchanganywa na kunde na mahindi ghalani ili fukusi wasiharibu akiba, hutiwa katika sanduku la nguo na baina ya kurasa za vitabu, na ifikapo magharibi huchomwa uani kufukuza mbu. Kwangu mimi, haya ya ghalani na sandukuni ndiyo yaliyostahiki sifa kubwa zaidi, ila kwa kuwa hayana maajabu ya kusimuliwa, watu huyapita wakakimbilia habari za maradhi arobaini ambayo mti huu husifiwa kuyaponya.

Katika habari hizo za maradhi, yafaa mtu aseme kweli. Malaria huua, na haijathibitishwa kuwa maji ya mwarobaini huiponya; mtoto mwenye homa kali apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na majani yasubiri. Mafuta yake yakinyweshwa mtoto mchanga yamepata kuleta degedege na hata mauti. Ama mwenye mimba, mabibi wengi humkataza kuinywa dawa hii, wakijua kwamba huweza kuiharibu mimba, na katika hilo wataalamu wamekubaliana nao.

Wataalamu nao wameuchunguza mti huu kwa muda mrefu. Mwaka 1942, Salimuzzaman Siddiqui, mwanakemia wa Bara Hindi, alitoa katika mafuta yake dutu chungu aliyoiita nimbini. Mwaka 1959, Heinrich Schmutterer, Mjerumani mjuzi wa wadudu, alikuwa Sudan lilipoteremka jeshi la nzige, nao wakala kila kilichokuwa kibichi, wakaiacha miarobaini peke yake. Na haikupita miaka 10 kabla ya kutolewa katika mbegu zake, mwaka 1968, dutu iitwayo azadiraktini, ambayo humkatisha mdudu hamu ya kula na kumzuia kujivua gamba, asiweze kukua. Ndipo ikadhihirika sababu ya fukusi kuyakimbia majani ghalani.

Maarifa yakishapata thamani, hutokea mwenye kuyadai. Mwaka 1994, Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa kampuni ya W. R. Grace, pamoja na Wizara ya Kilimo ya Marekani, hataza juu ya namna ya kuzuia kuvu za mimea kwa mafuta ya mwarobaini, ilhali wakulima wa India walikuwa wakiyatumia mafuta hayo bila ya kumwomba mtu ruhusa. Vandana Shiva wa India, Magda Aelvoet wa Ubelgiji, na shirikisho la kimataifa la wakulima wa kilimo-hai walisimama kupinga. Hataza ikafutwa mwaka 2000, na rufani ya wenyewe ikatupwa mwaka 2005. Sina shaka kwamba bibi yeyote wa Kisauni au Ng'ambo angecheka kusikia kuwa iliwachukua mahakimu miaka kuamua jambo ambalo yeye humwamulia mtoto wa jirani hapo hapo mlangoni.

Imebaki habari ya mbao zake. Mwarobaini ni wa ukoo mmoja na mkangazi, na mbao zake nyekundu haziliwi upesi na mchwa. Hivyo mpingo na muhuhu zilipoanza kuadimika, wachongaji wa Kikamba wa Mombasa na Malindi, ambao huwauzia watalii vinyago, walishauriwa kuugeukia, na wengi wakaugeukia. Ushauri huo ulikuwa na faida mbili, kwa sababu mti huu hauhitaji hata mkulima: ndege na popo hula tunda lake la manjano, lenye nyama tamu kidogo, wakaiangusha kokwa mbali, na kwa njia hiyo umeingia katika vichaka na misitu ya asili ya pwani ya Kenya, ukaisonga miche ya miti ya kwetu. Uani na barazani uachwe ukae. Lakini mwituni, kwa maoni yangu, ukatwe pasipo huruma ukauzwe kwa wachongaji, kwani wao wana haja ya magogo, na watu wa vijiji vya kandokando ya misitu wana haja ya fedha.