Homa ya ini aina ya E: damu inaeleza nini ambacho hospitali haikioni?

Mlipuko wa homa ya ini aina ya E ulioanza Oktoba 2007 katika wilaya ya Kitgum, kaskazini mwa Uganda, ulikuwa umewapata watu zaidi ya 10,000 na kuwaua 160 ilipofika Juni 2009. Ni miongoni mwa milipuko mikubwa kabisa ya ugonjwa huo kuwahi kuandikwa duniani.

Hata hivyo, waliohesabiwa ni wale tu waliougua kiasi cha kuonekana. Watu wengi walioambukizwa virusi vya homa ya ini E hawaugui kabisa, au hupata uchovu wa siku chache wakaudhania malaria. Hawaendi zahanati, na hakuna daftari linaloandika majina yao.

Kwa sababu hiyo, wataalamu wanaotaka kujua maambukizi yameenea kiasi gani katika eneo fulani hawatosheki na kuhesabu wagonjwa. Huwapima damu watu wenye afya. Majibu yanayopatikana huwashangaza wengi, na yakisomwa vibaya hupotosha.

Ugonjwa wenyewe

Kwa Waswahili wengi, jina homa ya ini huleta akilini aina ya B, inayoambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana na wakati wa kujifungua. Aina ya E ni virusi vingine kabisa, na chanjo ya homa ya ini B haimkingi mtu dhidi yake. Wala isichanganywe na homa ya manjano, ambayo huenezwa na mbu, ingawa maradhi yote mawili yaweza kuyageuza macho kuwa ya manjano.

Virusi vya E vilitambuliwa mwaka 1983, lakini vilikuwa vikiua kabla ya hapo. Mwaka 1955 na 1956 maji machafu yaliingia katika mfumo wa maji ya bomba mjini New Delhi, India, na makumi ya maelfu ya watu wakaugua. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa ilikuwa homa ya ini A.

Mgonjwa huanza kuona dalili kati ya wiki mbili na kumi baada ya kuambukizwa: homa, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula, maumivu ya tumbo, mkojo mweusi na macho ya manjano. Wengi hupona wenyewe. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa watu wapatao milioni 20 huambukizwa kila mwaka.

Namna ya kupima

Mwili unapovamiwa na virusi hutengeneza kingamwili. Zile za aina ya IgM hutokea mapema na kutoweka baada ya miezi michache, kwa hiyo huonyesha maambukizi ya karibuni. Zile za aina ya IgG hudumu kwa miaka, na huonyesha kuwa mtu aliwahi kukutana na virusi hivyo wakati wowote maishani mwake.

Ikisemwa, basi, kwamba asilimia 40 ya wakazi wa mkoa fulani wana kingamwili za IgG, haina maana kwamba asilimia 40 ni wagonjwa. Maana yake ni kwamba watu wanne katika kila kumi waliwahi kuambukizwa, na pengine hawakujua. Takwimu hiyo ni kumbukumbu ya miaka iliyopita. Haisemi lolote peke yake kuhusu leo.

Vipimo vyenyewe navyo hutofautiana. Kusini-magharibi mwa Ufaransa, uchunguzi wa mwanzo wa watoaji damu uliwakuta na kingamwili asilimia 17 hivi. Kipimo chenye uwezo mkubwa zaidi kilipotumika katika eneo hilohilo, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2011 yalipita asilimia 52. Ugonjwa haukuwa umeongezeka mara tatu katika miaka michache. Ni kipimo kilichobadilika. Yeyote anayelinganisha nchi na nchi sharti aulize kwanza kama zilipimwa kwa kipimo kimoja.

Nchi moja, sura nyingi

Ufaransa inafundisha jambo jingine. Uchunguzi wa nchi nzima uliohusisha watoaji damu zaidi ya 10,000, uliochapishwa mwaka 2016, uliona kuwa kwa wastani asilimia 22 walikuwa na kingamwili. Lakini wastani huo ulificha mengi: kulikuwa na maeneo yenye asilimia 8 tu, na mengine yaliyopindukia asilimia 86.

Tofauti hiyo haitokani na vyoo wala mabomba. Aina ya virusi inayoenea Ulaya huishi ndani ya nguruwe, nguruwe mwitu na paa, na humfikia binadamu kupitia nyama isiyoiva vizuri. Kusini mwa Ufaransa wapo wanaopenda soseji za maini ya nguruwe zinazoliwa bila kupikwa. Wengi huambukizwa hivyo bila kuugua, ingawa kwa wenye kinga dhaifu, kama waliopandikizwa figo au ini, maambukizi yaweza kuwa sugu na kuliharibu ini. Kwa ajili ya kuwalinda wagonjwa wa namna hiyo, Uingereza ilianza mwaka 2017 kupima virusi hivi katika damu yote inayotolewa.

Misri na Uganda

Barani Afrika na Asia hali ni nyingine. Virusi vinavyotawala huko huishi kwa binadamu peke yake, na husafiri kutoka kinyesi hadi kinywani, hasa kupitia maji ya kunywa.

Katika vijiji vya kaskazini mwa Misri, watafiti waliwapima watu wapatao 10,000 na kukuta kuwa theluthi mbili walikuwa na kingamwili, wengi wao wakiwa wamezipata kabla ya kutimiza miaka kumi. Uchunguzi mwingine katika eneo la delta ya Mto Nile ulihusisha wajawazito zaidi ya 2,400: asilimia 84 walikuwa na kingamwili. Hata hivyo, eneo hilo halikuwa likijulikana kwa milipuko mikubwa wala kwa vifo vya wajawazito kutokana na ugonjwa huu. Maelezo mojawapo ni kwamba mtoto mdogo akiambukizwa, kwa kawaida haugui, naye hukua akiwa na kinga.

Kitgum ilikuwa kinyume chake. Kabla ya 2007 hakukuwa na kumbukumbu ya mlipuko wa homa ya ini E wilayani humo. Vita kati ya serikali na waasi wa Lord's Resistance Army viliwaondoa watu vijijini na kuwarundika kambini, ambako visima na vyoo havikutosha. Wagonjwa wa kwanza walionekana katika kambi ya Madi Opei. Virusi viliwakuta watu wazima ambao, kwa dalili zote, wengi wao hawakuwa na kinga, na vikaenea kwa kasi.

Hapa ndipo penye kitendawili. Kiwango kikubwa cha kingamwili si lazima kiwe ishara ya vifo vingi, na kiwango kidogo si salama. Jamii ambayo damu yake ni safi ndiyo huumia zaidi siku maji yake yanapochafuka.

Wanaolipa gharama

Kwa watu wengi homa ya ini E huua kwa nadra. Kwa mjamzito hali ni tofauti: WHO inasema kuwa katika miezi mitatu ya mwisho, wanawake 20 hadi 25 katika kila 100 wanaougua wanaweza kufariki. Mwaka 2004 katika kambi ya Mornay, Darfur Magharibi, wagonjwa 2,621 walihesabiwa katika miezi sita. Miongoni mwa wajawazito waliolazwa hospitalini, karibu theluthi moja walikufa.

Orodha ya maeneo yaliyofuata inajirudia: Maban nchini Sudan Kusini na Dadaab nchini Kenya mwaka 2012, Napak katika jimbo la Karamoja, Uganda, mwaka 2013 na 2014, na mitaa ya mabanda ya Windhoek, Namibia, kuanzia 2017. Karibu kila mara ni watu waliohamishwa na vita, au maskini waliosongamana mahali ambapo maji safi hayajawafikia.

Chanjo ipo

China iliidhinisha chanjo ya homa ya ini E mwaka 2011, baada ya majaribio yaliyohusisha zaidi ya watu 100,000. Hutolewa kwa dozi tatu katika muda wa miezi sita. Mwaka 2015 WHO ilishauri kuwa ifikiriwe kutumika wakati wa milipuko, wajawazito wakiwemo. Lakini ilikuwa hadi Machi 2022 ndipo ilipotumika kwa mara ya kwanza duniani kukabili mlipuko, katika kambi ya Bentiu, Sudan Kusini, chini ya Wizara ya Afya ya nchi hiyo na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka. Ilikuwa imepita miaka kumi na zaidi tangu kuidhinishwa.

Kuchelewa huko kunarudisha swali la takwimu. Ni vigumu kuishawishi wizara kununua chanjo ya ugonjwa ambao haumo katika madaftari yake. Damu ikipimwa mapema, serikali ingejua ni wilaya zipi zina watu wasio na kinga, na ni kambi zipi zinahitaji visima, vyoo na dozi kabla ya macho ya mtu wa kwanza kugeuka manjano.

Kwa sasa kinga iliyo mikononi mwa kila mtu ni ileile: kuchemsha maji ya kunywa au kuyatia klorini, kunawa mikono kwa sabuni, kutumia choo, na kuivisha nyama barabara. Mjamzito aliye katika eneo lenye mlipuko, au anayesafiri kwenda huko, akiona macho yake yamekuwa ya manjano aende hospitali siku hiyohiyo, asingoje kuona kama yatapoa yenyewe.